Matao Yapo, Mtu Hayupo

Ndugu zangu wa Mbeya na Iringa, wazee wetu mnaotembea na bakora na vijana mnaoshinda juu ya bodaboda, sina maneno ya kubembeleza.

Kisa cha birika la Bethzatha mnakijua. Kiko katika Injili ya Yohana, sura ya tano. Na Mwislamu anayesoma hapa asione namhubiria dini, namhubiria jirani yake. Palikuwa na birika Yerusalemu lenye matao matano. Chini ya matao hayo walilala wagonjwa chungu nzima: vipofu, viwete, waliopooza. Maji yakitibuka, anayewahi kuingia ndiye anayepona. Na alikuwapo mtu aliyeugua kwa miaka 38. Alipoulizwa kama anataka kupona, hakulalamikia maji wala jengo. Alieleza kwamba hana wa kumshusha majini, na kila akijikokota, mwenzake ameshamtangulia.

Wahubiri tukifika hapo tunakimbilia muujiza, kwa sababu muujiza una vigelegele. Mimi leo nakataa kukimbia. Nataka tukae kwanza pale chini ya matao, tuangalie utaratibu. Utaratibu wa birika lile ulikuwa mmoja kwa wote: anayewahi ndiye anayehudumiwa. Nani angeulaumu? Haukuuliza kabila, haukudai hongo. Na utaratibu huohuo usiobagua ndio uliomwacha mtu yule amelala pale na ugonjwa wake wa miaka 38.

Sasa tuje kwetu. Sisi matao tumejenga, na sitabeza. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulipoanza mwaka 2007, wimbo umekuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Tulichanga matofali, tulibeba mchanga, na tozo za miamala ya simu tulizozinung'unikia mwaka 2021 nazo zimepandisha kuta. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya na wodi zake za wazazi Meta. Tuna hospitali ya mkoa Iringa. Makanisa yameshika doria milimani na mabondeni: Tosamaganga, Ilula, Igogwe, Chimala, Matema kando ya ziwa. Na matunda yapo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakuta 104. Asiyeshukuru kwa hilo ana moyo wa jiwe.

Lakini nauliza, na nitauliza mpaka mnichoke: nani bado amelala chini ya tao?

Nenda siku ya kliniki kwenye zahanati yoyote ya kata, ukae tu kwenye benchi uangalie. Muuguzi anatoka mlangoni na rundo la kadi mkononi. Anaita jina. Kimya. Anaita tena kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Ile kadi anaipeleka chini ya rundo na kuita nyingine. Mwenye jina amekaa hatua tano kutoka pale, mimba ya miezi saba, macho yake hayabanduki mlangoni. Ni kiziwi. Ameshafika tangu saa moja na robo asubuhi, amewahi kuliko wengi. Hakuna aliyemgusa bega. Saa nane daftari linafungwa, na mbele ya jina lake panaandikwa kwamba hakuhudhuria. Hilo nililishuhudia kwa macho yangu. Mahali sipataji, kwa sababu nikipataja mtasema ni pale tu, kumbe ni kwenu pia.

Hakuhudhuria! Amekaa pale karibu saa saba, na kumbukumbu za serikali zinasema hakuwapo.

Na msiniambie kwamba haiwezekani kumhudumia kiziwi kwa heshima, maana mjini Iringa kuna mgahawa unaotushuhudia. Neema Crafts, kazi iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, mwaka 2003, imewaajiri watu wenye ulemavu wanaofuma, wanaotengeneza karatasi, wanaoshona. Kwenye mgahawa wake wahudumu ni viziwi. Unaingia, unaandika unachotaka kwenye karatasi, unaletewa. Hakuna anayekosa chai. Wageni kutoka mbali wanapiga picha na kusifu. Basi nisaidieni, watu wa Mungu: inakuwaje kiziwi aweze kunihudumia mimi kahawa na keki, na sisi tushindwe kumhudumia yeye akiwa na uchungu wa kuzaa? Karatasi na kalamu vipo kila zahanati. Namba iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi na kuinuliwa juu haigharimu hata shilingi mia.

Sheria tunayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia mwaka 2009. Sheria hiyo imeagiza hata kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji. Kijijini kwako ipo? Mwenyekiti wake nani? Ilikutana lini? Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila Watanzania 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, 11 wana ulemavu wa namna fulani. Kata yenye watu elfu kumi ina mamia yao. Wahesabu basi waliopo kwenye benchi la zahanati siku ya kliniki. Wako wapi wengine? Wako ndani. Wamefungiwa na aibu ya ndugu zao, na ngazi za mlangoni, na kitanda cha kujifungulia ambacho mwenye miguu dhaifu hakipandi bila kubebwa kama gunia la viazi.

Nageukia wazee wetu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mjamzito asilipe, mtoto wa chini ya miaka mitano asilipe, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo asilipe. Kwenye hospitali nyingi utakuta dirisha limeandikwa kwa rangi ya bluu kwamba wazee watangulie. Ni jambo jema. Lakini mfuate bibi mmoja wa Umalila siku nzima, uone. Anateremka mlima na mvua, nauli ameuza kuku. Dirishani anaulizwa kitambulisho cha msamaha. Hana. Arudi kwa mtendaji. Mtendaji yuko kikaoni Mbalizi. Kesho yake anakipata, daktari anamwona bure, kweli bure, kisha anaandikiwa dawa ya presha kwenye kikaratasi: hii kwa sasa imeisha, kanunue duka la dawa. Bibi anakunja kile kikaratasi, anakifunga kwenye pindo la kanga pamoja na sarafu zake. Wiki mbili baadaye bado kimo humo.

Na mjamzito je? Kadi ya kliniki hanunui, lakini anaambiwa mdomoni: siku ukija njoo na glavu, wembe mpya, pamba, mpira wa kutandika, kibanio cha kitovu, ndoo na beseni. Mwenye mume mwenye mshahara anacheka tu. Yule binti wa miaka 17 aliyerudi kwao Kilolo akitoka kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, amerudi na mimba na mfuko wa plastiki, anafanya hesabu ya vitu hivyo kichwani, halafu anaamua kujifungulia kwa bibi yake. Mabinti hawa tunawajua. Iringa imewapeleka mijini kwa miaka mingi, tukasifiwa kwamba watoto wetu ni wachapakazi. Wakirudi wagonjwa tunawaita wahuni. Nani alikaa kwenye kamati ya afya akamsemea mmoja wao? Wengi wao hawatambuliki hata kwenye rejista ya kijiji.

Hapo nimefika penye neno langu, na neno ni hili: kila anayekosa huduma, mtafute kwanza kwenye kamati, utakuta alikosa kiti. Kila zahanati na kila kituo cha afya kina kamati ya usimamizi. Wamo wajumbe wanaotoka kwa wananchi, na mganga mfawidhi ndiye katibu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za uendeshaji inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kamati ndiyo inayopanga: tununue nini, tukarabati nini, tuanze na nani. Fedha si nyingi, lakini ni fedha. Na ni akina nani wamo? Nawajua, mnawajua. Mwalimu mstaafu, mwenye duka, shemeji yake diwani, na mama mmoja ambaye huwa anaombwa aandae chai. Watu wazuri, siwatukani. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuitwa jina lake asilisikie.

Mkitaka ushahidi kwamba kiti kinaponya, tazameni kliniki za tiba na matunzo. Mikoa yetu imelia kuliko mingine. Utafiti wa mwaka 2022/23 uliwakuta na virusi vya UKIMWI watu wazima 12.7 kwa mia Njombe, 11.1 Iringa, 9.6 Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4. Tulizika mpaka mbao zikaadimika. Lakini leo watu wanaishi, wanalima, wanaoa. Dawa zilikuja, ndiyo. Lakini dawa peke yake haiendi kubisha hodi kwa mtu aliyekata tamaa. Aliyebisha hodi ni mtu anayeishi na virusi mwenyewe, yule tunayemwita WAVIU mshauri, aliyepewa meza yake pale kliniki, aliyepanda baiskeli kwenda kumtafuta aliyeacha dawa, akakaa naye kwenye kigoda na kumwambia: mimi pia nilizitupa, nikarudi. Mgonjwa aliingizwa ndani ya utaratibu, utaratibu ukaota miguu. Tumefanya hivyo kwa ugonjwa mmoja. Virusi tunavijua mpaka nukta ya desimali, viziwi wa kata yetu hatujui hata ni wangapi. Kwa nini tusifanye hivyo kwa wote?

Sasa twendeni bondeni, Usangu na Pawaga, penye joto na mpunga. Huko wapo ndugu zetu wafugaji, Wamaasai, Wabarbaigi, Wasukuma, walioingia na ng'ombe kwa miongo mingi. Mwaka 2006 na 2007 operesheni iliwaondoa maelfu kutoka Usangu na Ihefu, wengine wakasukumwa mpaka Lindi na Pwani, na mwaka 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Sina nia ya kufufua kesi ya maji na malisho. Mto Ruaha Mkuu una haki yake nao. Nasema hivi tu: mtu akishaitwa mvamizi, hata homa yake inakuwa ya mvamizi. Zahanati imejengwa penye kijiji kilichosajiliwa, boma lake liko kilomita 25 porini. Anapofika anaongea lugha ambayo muuguzi haijui, na mkewe hawezi kumweleza mwanamume mgeni maumivu yake ya chini.

Na ugonjwa wake wenyewe ni wa pekee. Brusela ni bakteria anayesababisha ng'ombe kutupa mimba, na binadamu humpata kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha ng'ombe mikono mitupu. Homa inapanda na kushuka, viungo vinauma, jasho la usiku linalowesha shuka. Zahanati inadhani ni malaria. Anapewa dawa ya malaria leo, mwezi ujao tena, mwezi wa tatu tena. Dawa yake halisi humezwa wiki sita mfululizo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wamekuwa kando ya Ruaha tangu mwaka 2006 wakifuatilia magonjwa haya yanayovuka kati ya mnyama na mtu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hatukuambiwa. Lakini hesabu mwenyewe ni kamati ngapi za zahanati za Mbarali na za tarafa ya Pawaga zenye mfugaji. Angekuwapo mmoja, tena awe mwanamke, kikao cha kwanza tu kingejua kwa nini watu wa boma wanarudi kila mwezi na homa ileile.

Mtasema: mhubiri, wewe unaota. Watu wa kijijini watapanga nini? Wataalamu wapo.

Enyi wenye imani haba, mmesahau Iringa ilifanya nini! Sikilizeni, maana hapa ndipo ninapopandwa na hasira na furaha kwa pamoja. Mwaka 1983, nchi ikiwa hoi kwa vita vya Kagera na bei ya mafuta, ukaanzishwa mkoani Iringa mpango wa lishe wa WHO na UNICEF kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Haukuanza na jengo. Ulianza na mizani. Kila miezi mitatu ilikuwa siku ya afya ya kijiji: mizani inaning'inizwa kwenye tawi, mtoto anavalishwa kile kisuruali cha kupimia, analia, mama yake anacheka, mshale unatulia. Uzito unaandikwa kwenye kadi yenye rangi. Kisha, na hili ndilo jambo kubwa, majibu hayakufungiwa ndani ya bahasha ya kwenda makao makuu. Yalisomwa palepale mbele ya kijiji. Wangapi wamo kwenye nyekundu. Wa nyumba zipi. Kwa nini. Halafu kikao kinakaa: huyu mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anakula mara mbili tu, basi tuanzishe mahali pa kuwalishia watoto wakati wa kilimo. Yule baba anauza mahindi yote, aitwe. Kisha miezi mitatu mingine, mizani tena, kuona kama walichokiamua kimezaa.

Kupima, kuchambua, kutenda. Ndani ya miaka kama mitano utapiamlo mkali katika vijiji vile ulishuka kutoka watoto 6 hivi katika kila 100 hadi chini ya 2. Dunia ikaja kusoma kwetu. Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mchoro wake maarufu wa visababishi vya utapiamlo, ule unaofundishwa vyuoni tangu Lima mpaka Dhaka, sehemu kubwa ya fikra zake ilitoka kwenye vikao vya wanavijiji wa Iringa, chini ya miti, kwenye vumbi.

Na leo? Utafiti wa mwaka 2022: mkoa wenye kiwango kikubwa kuliko yote Tanzania cha watoto waliodumaa ni Iringa. Watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano. Taifa ni 30. Iringa! Ghala la chakula! Malori ya mahindi, viazi na nyanya yanapanda na kushuka Kitonga usiku na mchana kulisha miji ya watu, na zaidi ya nusu ya watoto wetu ni wafupi kuliko umri wao. Waliomfundisha mwalimu wamefeli mtihani. Wataalamu wanataja mengi: uji mtupu usio na maharage wala mboga, mama asiyepumzika, maradhi ya mara kwa mara. Yote ni kweli. Mimi naongeza langu: tuliacha kusoma hesabu mbele ya watu. Mizani ipo mpaka leo, lakini namba zinapanda kwenye kompyuta na kwenda Dodoma, na mama anarudi nyumbani na kadi asiyoelezwa. Kijiji hakijui kina watoto wangapi kwenye nyekundu. Kitaonaje aibu? Kitafanyaje kikao?

Najua swali linalochemka kwa mganga mfawidhi anayesoma hapa. Anasema: niko na muuguzi mmoja, usiku tunazalisha kwa tochi ya simu, wewe unaniletea lugha ya alama. Dada yangu, kaka yangu, nakuheshimu. Katika hotuba za wakubwa wewe ndiye unayesukumiwa lawama zote, na mimi sitaongeza hata kijiko. Lakini fikiri: kamati yenye kiziwi ndani yake ndiyo itakayokutafutia mkalimani wa kujitolea kutoka kwa Chama cha Viziwi. Kamati yenye mfugaji ndiyo itakayokuambia siku ya mnada, ili chanjo ipelekwe mnadani waliko watu na watoto wao. Kamati yenye bibi wa Umalila ndiyo itakayomgombeza mtendaji kwa niaba yako. Hao unaowaona kama mzigo wa ziada ndio mikono uliyokuwa unaiomba.

Na haraka ya jambo hili ni bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ndani yake umewekwa utaratibu wa kuwalipia wasio na uwezo. Nafurahi. Lakini nauliza kwa kuwa nimeona orodha nyingi za kaya maskini: ni nani atakayeyaandika majina? Orodha ya maskini kijijini ni kitu cha ajabu; hukosi kumkuta mwenye bati jipya, na humwoni yule kipofu wa kitongoji cha mwisho. Kila jina linalosahaulika katika orodha hiyo litakuwa limefungiwa mlango kwa nguvu ya sheria nzuri. Mchezo utachezwa kijijini, kwenye mkutano, na wenye sauti wataimba kuliko wote. Msilale.

Basi fanyeni hivi. Wachungaji, mapadri, mashehe: mnatangaza ndoa na misiba, tangazeni na kamati ya zahanati. Semeni siku, semeni saa, na siku hiyo gari la kanisa lisilale, likambebe asiyeweza kutembea. Mnaofundisha watoto Jumapili, tafuteni kiziwi mmoja awafundishe ninyi ishara ishirini za mwili na maumivu, kisha mkazifundishe zahanati. Vijana wa bodaboda, iwekeni vichwani namba 115, ya bure, ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga, na mwambieni kila mjamzito mnayempakia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kila mwezi mnapozunguka nyumba kwa nyumba, ulizeni swali moja zaidi: ndani yuko nani ambaye hajatoka? Msiridhike mpaka mmemwona.

Na ninyi mnaobaki, mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ni haki yenu, si hisani ya mwenyekiti. Ukiitishwa, nendeni na mambo mawili mkononi. La kwanza, viti: kamati ya zahanati iwe na mtu mwenye ulemavu, mfugaji pale walipo wafugaji, mzee anayetegemea msamaha, na mama kijana. Wachaguliwe na wenzao, si kuteuliwa na mkubwa, na nauli yao ya kuhudhuria iandikwe kwenye bajeti ya kituo. La pili, hesabu: watoto waliopimwa na walio kwenye nyekundu, wazee waliopewa msamaha na waliokataliwa, dawa zilizoisha na tarehe zilipoisha, zisomwe kwa sauti na zibandikwe kwenye ubao wa matangazo kwa herufi kubwa.

Mwenyekiti atajaribu kuyasogeza yote mawili kwenye mengineyo, mwisho kabisa, jua likiwa limezama Mbeya Peak na akina mama wameshakwenda kupika. Simameni mapema, kabla muhtasari wa mkutano uliopita haujasomwa, mdai yawe ajenda ya kwanza.